Wasimulizi wanne wa nyumba moja

Kwa muda wa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya kuhusu nyumba moja ya mawe mjini Pangani, na mwezi uliopita nilimaliza kuiandika kwa mara ya tatu. Mwenye nyumba, Mzee Hamadi, anafariki dunia katika sura ya kwanza. Karatasi aliyoiandika siku chache kabla ya kufa haionekani. Na watu wanne, ambao kila mmoja anajua kipande tu cha ukweli, wanasimulia kwa zamu mambo yanayotokea nyumbani humo katika miezi 4 na siku 10 ambazo mjane wake anakaa eda. Mji ni wa kweli, mto na kivuko cha kwenda Bweni ni vya kweli, ila nyumba na watu wake nimewabuni. Nataka kueleza hapa jinsi nilivyojitahidi kuzifanya sauti hizo nne zisifanane, kwa kuwa kazi hiyo ilinishinda mara mbili kabla sijaiweza, na kwa kuwa msaada mkubwa nilioupata ulitoka katika Kiswahili chenyewe, yaani katika sarufi yake na katika namna watu wa pwani wanavyoitana.

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa msimulizi maizi, yule ambaye anaingia katika moyo wa kila mtu na kupita ukutani bila kubisha hodi. Nilifika ukurasa wa 140 nikasimama. Msimulizi wangu alijua karatasi iko wapi tangu ukurasa wa tatu, kwa hiyo kila nilipotaka msomaji aendelee kuitafuta, ilinibidi nimnyamazishe msimulizi kuhusu jambo hilo moja ilhali alikuwa akisema wazi mambo mengine yote, hata ndoto za mtoto. Msimulizi anayejua kila kitu akificha kitu kimoja, msomaji ana haki ya kuhisi kwamba anachezewa. Nililiona kosa hilo mapema, lakini nilichukua miezi kadhaa kukubali kwamba halina dawa katika usimulizi wa aina ile, na kwamba kutojua kulikohitajika katika hadithi kulipaswa kuwa kutojua kwa kweli, kwa mtu mwenye mahali pake ndani ya nyumba na mipaka ya macho na masikio yake.

Kabla ya kuanza upya nilirudi kusoma. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, mshtakiwa Karama anasimama mbele ya baraza na kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Safari ni sita, lakini sauti ni moja, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu kitabu kizima ni utetezi wa mtu mmoja anayepigania uhai wake. Nilifikiri pia kuhusu ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala, ambamo wahusika hujibizana beti kwa beti, huyu akijenga hoja na yule akiibomoa. Hapo sauti ni nyingi kweli, ila kila mmoja anamsikia mwenzake na anamjibu. Katika riwaya niliyoitaka, wasimulizi wasingesikiana kabisa. Bi Saumu, mjane, asingejua kwamba Fundi, mpangaji wake, naye anasimulia, wala Salimu, mtoto wa marehemu, asingejua kwamba mpwa wake Zuhura alikuwa macho usiku wa kifo. Msomaji peke yake angekaa mahali ambapo sauti zote nne zinafika. Sisemi kwamba hiyo ni sheria kwa kila mwandishi: katika By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2001, wanaume wawili, Saleh Omar na Latif Mahmud, wanakutana Uingereza na kuambiana, kila mmoja kwa upande wake, habari za nyumba iliyozitenganisha familia zao, na nguvu ya kitabu inatokana na kule kusikilizana kwao. Watu wangu bado hawajafika huko. Wako katika miezi ile ambayo msiba ungali mbichi na kila mtu anamchunguza mwenzake.

Baada ya hapo niliamua kwanza kila mmoja atakuwa wapi, kabla ya kuamua atasema nini. Bi Saumu, mjane, yuko chumbani na uani, basi. Eda inamzuia kutoka, kwa hiyo hawezi kuona kikao cha ukoo kinachofanyika sebuleni mbele ya wanaume, hawezi kwenda mahakamani, hawezi hata kusimama barazani. Mwanzoni niliuona mpaka huu kuwa tatizo, maana yeye ndiye niliyetaka abebe sehemu kubwa ya kitabu. Kisha nikatambua kwamba umenipa sauti yake. Sura za Bi Saumu ni sura za masikio. Anajua nani ameingia kwa namna anavyovua viatu. Anajua kwamba sanduku la mninga limefunguliwa kwa sababu bawaba yake moja ina kutu na inalia mara mbili. Anasikia kalamu ikikwaruza karatasi, anasikia mtu akikohoa kabla ya kusema uongo, anasikia kwamba cherehani ya barazani imesimama ghafla, na kutokana na kusimama huko anaelewa kwamba kuna mgeni asiyetarajiwa. Nilijiwekea sharti kwamba katika sura zake kumi na mbili asiwepo mtu wa nje atakayeelezwa kwa sura au mavazi, isipokuwa awe ameingia uani kumpa mkono wa pole. Sharti hilo lilinitesa, na sijutii hata siku moja niliyoitumia kulitimiza.

Fundi Shemdoe ni mpangaji wa chumba cha mbele, mshonaji aliyetoka Lushoto zaidi ya miaka ishirini iliyopita na kuweka cherehani yake kwenye baraza ya Mzee Hamadi. Yeye anaona kila anayeingia na kutoka, lakini haoni kinachotendeka ndani. Salimu, mtoto wa kiume wa marehemu, ni mhasibu Dar es Salaam. Anakuja na kuondoka, hivyo kuna majuma mazima ambayo hana habari nayo. Zuhura ana miaka tisa, ni binti wa Mwanahawa, dada yake Salimu, na anaingia kila mahali kwa sababu hakuna anayemhesabu kuwa mtu wa kuangaliwa. Yeye anaona mengi kuliko wote na anaelewa machache kuliko wote.

Lazima nieleze kidogo kuhusu karatasi yenyewe, kwa sababu bila hiyo hayo mengine hayatafahamika. Mzee Hamadi ameacha mjane, mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Kwa mgawanyo wa mirathi ya Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumuni, na kinachobaki mtoto wa kiume huchukua mara mbili ya fungu la mtoto wa kike. Kwa hiyo ukiigawa nyumba katika mafungu 24, Bi Saumu ana 3, Salimu ana 14 na Mwanahawa ana 7. Mwanahawa ndiye aliyemwuguza baba yake kwa miaka sita. Karatasi iliyopotea, ambayo mzee aliiandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa utotoni, ni hiba: inasema kwamba nyumba amempa Mwanahawa yeye akiwa hai. Bi Saumu alisikia kalamu. Fundi alitia sahihi kama shahidi bila kuweza kuisoma. Zuhura alimwona mama yake akikunja kitu usiku. Salimu anatafuta karatasi nyingine kabisa, ile ya mauziano ya zamani, na hajui kwamba kuna hiba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani kila anayeandika riwaya ya wasimulizi wengi kwa Kiswahili analo mkononi, hata kama hajalitumia. Sisi hatuitani kwa majina tu. Mtu mmoja ni baba kwa huyu, mjomba kwa yule, shemeji kwa wa tatu, mwenye nyumba kwa wa nne, na kila jina analoitwa linaeleza anayemwita kuliko linavyomweleza yeye. Katika rasimu ya pili marehemu aliitwa Mzee Hamadi na kila mtu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikimwita hivyo kichwani. Hilo lilikuwa kosa langu kubwa kuliko yote. Mwanamke wa rika la Bi Saumu hawezi kulitaja jina la mumewe namna ile, yeye anasema Baba Salimu, na akiwa peke yake anasema mwenyewe, kama katika kauli yake ya kwanza kitabuni: “Mwenyewe hakuamka.” Salimu anasema mzee, na mbele ya wanasheria anasema marehemu. Zuhura anasema babu. Fundi anasema mwenye nyumba kwa sura tatu nzima, mpaka siku anapokumbuka homa iliyomshika mwaka wake wa kwanza Pangani na uji alioletewa chumbani kila asubuhi, na kuanzia hapo anasema mzee wangu.

Nilipoyabadilisha majina hayo, sura zilianza kuachana zenyewe. Sikuhitaji tena kumkumbusha msomaji kila mara nani anazungumza, kwa sababu ukikuta Baba Salimu uko chumbani kwa mjane, na ukikuta babu uko chini ya meza pamoja na mtoto. Lakini faida iliyonishangaza ilikuwa nyingine. Msomaji wangu wa kwanza, ambaye ni dada yangu mkubwa, aliniuliza swali moja baada ya kusoma sura kumi: “Mbona yule bibi anasema Baba Salimu, wakati kifungua mimba wake ni Mwanahawa?” Mimi sikuwa nimelitambua hilo. Nilikuwa nimeandika tu jina lililokuja kalamuni. Nilitaka kulisahihisha liwe Baba Mwanahawa, kisha nikaona kwamba kalamu ilikuwa imesema kweli: katika nyumba hii, mtoto wa kwanza alizaliwa mwanamke, na jina la baba likamsubiri wa kiume. Nikaliacha. Kitabu kizima sasa kimesimama juu ya jina hilo, na hakuna mhusika hata mmoja anayelizungumzia.

Jambo la pili ni viashiria. Katika masimulizi yenye mtazamo, huyu, huyo na yule si maneno madogo, maana yanamwonyesha msomaji msimulizi amesimama wapi. Bi Saumu, anayelala hatua mbili kutoka kwenye sanduku, anasema sanduku hili. Salimu akiwa Dar es Salaam anasema sanduku lile, na siku anapofika na kuketi juu ya kitanda cha baba yake bado anasema sanduku lile, hata kama anaweza kulishika kwa mkono. Nililiacha lile makusudi, kwa kuwa umbali aliokuja nao haukuwa wa barabara pekee. Zuhura anatanguliza kiashiria, lile sanduku la babu, kama watoto wanavyosema kuhusu kitu ambacho wanaamini dunia nzima inakifahamu. Humu ndani ni kwa mjane, mle ndani ni kwa Fundi aliyeko nje, na siku Fundi anapoitwa kuingia, kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote, niliandika mle mara tatu kabla ya kuandika humu.

Hali ni hiyo hiyo kwa vitenzi vya kuja na kwenda. Usiku wa kifo, Mwanahawa anatoka chumbani kwa baba yake na kuvuka ua mpaka jikoni. Tendo hilo lina mistari minne katika kitabu, katika sura nne mbalimbali. Kwa Bi Saumu, alitoka akaenda jikoni. Kwa Zuhura, aliyelala jikoni kwa sababu chumba chao kilikuwa na wageni waliokuja kumjulia hali mgonjwa, mama alikuja. Kwa Fundi, mtu alipita uani. Salimu hakuwepo, kwake yeye ni jambo la kuambiwa, na anaambiwa vibaya. Sikutia maelezo mengine yoyote kuhusu nani alikuwa upande gani wa nyumba. Kwenda, kuja na kupita vilitosha, na msomaji makini anaweza kuchora ramani ya nyumba nzima kwa vitenzi hivyo vitatu.

Kuna jambo la tatu ambalo kwanza lilinisumbua na baadaye likanisaidia, nalo ni kiambishi a-. Katika sura zilizoandikwa kwa nafsi ya tatu, watu wawili wakikaa chumba kimoja, sentensi kama “alimtazama akajua kwamba anajua” haisemi nani anamjua nani. Kwa kuwa kiambishi hakitofautishi mwanamume na mwanamke, hata mazungumzo ya Salimu na dada yake yalinilazimu kurudia majina mpaka ukurasa ukajaa Salimu na Mwanahawa. Dawa niliyoipata ni kuwataja watu kwa uhusiano wao: dada yake, kaka yake, mtoto wa mama yake, yule aliyemtangulia kuzaliwa. Kila badiliko lilibeba hisia ya wakati huo, na urudiaji ukawa kazi badala ya uchovu. Kwa upande mwingine, kiambishi hicho hicho ndicho kilichonipa sura ninayoipenda zaidi. Kurasa tatu nzima, Bi Saumu anamsikia mtu gizani: aliingia, akasimama, akafungua, akatoa, akafunga. Mwanamume au mwanamke, lugha haisemi, wala hailazimishwi kusema. Sikuficha chochote. Bi Saumu hajui, na kitenzi hakijui, na mimi niliyekuwa nikijua sikuwa na haja ya kuingilia kati.

Kuhusu nyakati za vitenzi nitasema jambo moja tu. Bi Saumu anatumia hu- kwa marehemu. Baba Salimu huamka kabla ya adhana, Baba Salimu hunywa kahawa kwanza, Baba Salimu huchukia mlango kuachwa wazi. Kiambishi hicho hakina wakati, na kwa hiyo kilimruhusu aendelee kuishi na mumewe bila kudanganya. Katika sura ya 19 anasema kwa mara ya kwanza “alikuwa akiamka”. Hapo hakuna kilio wala neno la huzuni, anapepeta mchele. Nilipoisoma sura hiyo kwa sauti, mimi mwenyewe nilishindwa kuendelea.

Kusoma kwa sauti ndiko kulikokuwa jaribio langu kila baada ya sura tano. Nilifuta majina ya wasimulizi, nikachanganya kurasa, nikamsomea dada yangu aya moja moja na kumwomba aniambie ni nani anayesema. Bi Saumu alimtambua papo hapo, na Zuhura pia. Salimu na Fundi Shemdoe aliwachanganya mara sita kati ya kumi. Nilikasirika, kisha nikarudi mezani na kuona kwamba alikuwa na haki: wote wawili walizungumza kama mimi, kwa sentensi ndefu zilizopangwa vizuri, na wote wawili walikuwa watu wa namba. Kishawishi cha kwanza kilikuwa kumpa Fundi lafudhi ya Kisambaa ili atambulike. Nilikikataa kishawishi hicho na ningemshauri kila mwandishi akikatae. Mtu aliyeishi Pangani zaidi ya miaka ishirini ana Kiswahili kizuri cha watu wa mji huo, na kumharibia matamshi ili msomaji amtambue ni kumvunjia heshima. Nikatafuta kile anachokiona yeye na ambacho mwingine hakioni. Fundi anatambua watu kwa nguo. Anajua kanzu aliyovaa Salimu siku ya mazishi si yake, kwa sababu mabega yamepwaya. Anajua Mwanahawa amekonda, kwa sababu dera alilomshonea Idi iliyopita sasa linaburuza. Anasema pindo, mshono, futi na chaki kama mvuvi anavyosema bamvua na maji mafu. Salimu naye anatambua watu kwa karatasi: anaona muhuri, tarehe, sahihi iliyopinda. Baada ya miezi miwili nilirudia jaribio, na dada yangu hakukosea hata mara moja.

Si wote wanne wanaosimulia kwa nafsi ya kwanza. Bi Saumu na Fundi wanasema mimi, kwa kuwa ni watu ambao katika maisha ya kila siku hakuna anayewauliza walionalo moyoni. Salimu nilimweka katika nafsi ya tatu baada ya kujaribu kwanza kwa mimi, kwa sababu ana mambo anayojificha mwenyewe, na kila aliposema mimi alilazimika ama kukiri mapema ama kusema uongo wa wazi. Nikiwa nyuma ya bega lake naweza kuandika kwamba alikunja barua ya dada yake bila kuimaliza, na nisieleze kwa nini. Zuhura pia yuko katika nafsi ya tatu, ili macho yawe yake na msamiati usifungwe na umri wake. Hata hivyo nilikuta makosa. Katika sura yake ya pili niliandika kwamba aliwasikia watu wazima wakijadili mirathi. Mtoto wa miaka tisa katika nyumba ile hasikii mirathi; anasikia kwamba wanataka kuikata nyumba, na usiku anakwenda kupima kwa hatua zake pa kuikatia.

Mambo yote haya yasingewezekana bila daftari. Nilikuwa na daftari la kawaida la kurasa 96, na kila tukio lilipata ukurasa wake: nani alikuwepo, nani alisikia, nani aliambiwa na nani, nani anadhani anajua. Mstari huu wa mwisho ndio wenye manufaa kuliko yote. Kutojua kunampa mhusika swali, lakini kudhani unajua kunampa tendo, na riwaya inahitaji matendo. Salimu anadhani Fundi ameiba karatasi ya mauziano, na kwa dhana hiyo anampa notisi ya kuhama. Bila dhana hiyo hakuna sura tano za katikati.

Kuhusu mpangilio, sikufuata zamu sawa. Bi Saumu ana sura 12, Fundi 8, Salimu 6 na Zuhura 4. Mhariri mmoja wa kampuni ya uchapishaji alinitaka nisawazishe, akisema kwamba msomaji atahisi upendeleo. Sikukubali, kwa maana wanne hawa hawakai sawa ndani ya nyumba. Alitaka pia niweke jina la msimulizi juu ya kila sura. Hilo nililipinga kwa muda, nikiamini kwamba sura inayohitaji jina haijaiva, kisha nikawafikiria wasomaji wanaosoma ndani ya daladala na kukatizwa katikati ya aya, nikaona ni adabu kuwarahisishia. Majina yapo. Jaribio la kuyafuta nitaendelea kulifanya nyumbani.

Lililobaki ni Mwanahawa. Yeye ndiye mwenye karatasi, yeye ndiye aliyeuguza, na kila msimulizi anamtazama, lakini kwa sura 30 hasemi. Wengi waliosoma rasimu waliniuliza kwa nini nimemnyima sauti mtu mwenye haki kuliko wote. Jibu langu lilikuwa kwamba akisimulia, siri inakwisha. Na jibu hilo halikunitosheleza hata mimi, kwa kuwa lilihusu hila ya mwandishi tu. Nilikumbuka As I Lay Dying ya William Faulkner, ya mwaka 1930, yenye wasimulizi 15 katika sura 59, ambamo Addie Bundren, mama ambaye jeneza lake linasafirishwa kitabu kizima, anasema katika sura moja tu. Sura hiyo moja inazipa nyingine zote uzito mpya. Nikaamua Mwanahawa apate sura ya 31, kurasa mbili, asubuhi ambayo mama yake anamaliza eda, anaoga, anavua nguo za msiba na kufunguliwa mlango wa mbele.

Niliziandika kurasa hizo mbili kwa majuma saba. Kila rasimu ilikuwa na maelezo mengi: kwa nini aliificha hiba, aliogopa nini kwa kaka yake, alimwonea vipi huruma mama yake ambaye angetakiwa kuchagua upande. Yote hayo msomaji alikuwa amekwisha kuyajua kupitia wengine. Niliyafuta moja baada ya jingine, mpaka nikabaki na mwanamke aliyesimama mlangoni akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, akimtazama mama yake akitoka kwenye jua. Ndipo nikapekua mswada wote kutafuta neno moja, na nikathibitisha nililokuwa nikilishuku. Katika sura 30, marehemu ameitwa mwenyewe, Baba Salimu, mzee, marehemu, babu, mwenye nyumba na mzee wangu. Hata mwanawe wa kiume hajawahi kumwita kwa neno lile fupi ambalo mtoto hujifunza mwanzo. Nikalifanya kuwa neno la kwanza la sura ya Mwanahawa, likiwa peke yake katika mstari wake: Baba.